Kina Ndicho Kipimo: Mazoezi ya Kutembea Majini kwa Watoto wa Kilibula

Kilibula, kama kartye nyingine za Uvira, imebanwa katika ukanda mwembamba kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Anayeishi hapo hahitaji kuelezwa ziwa ni nini. Ndimo anamooga, ndimo anamofulia, ndimo inamotoka ndagala ya jioni, na ndiyo njia ya kwenda Baraka na Kalemie. Basi likizuka wazo kwamba mtoto asiyeweza kutembea anaweza kujifunzia hatua zake majini, jibu la wengi huwa tayari mdomoni: maji tunayo, tena bure, tena kilomita 670 za maji.

Makala haya yanalipinga jibu hilo bila kuyapinga mazoezi yenyewe. Hoja yangu ni kwamba kinachomsaidia mtoto ndani ya maji ni kina: kina kinachojulikana, kinachotulia, na kinachopunguzwa kwa makusudi wiki baada ya wiki. Hicho ndicho ziwa lisichoweza kumpa. Mfereji uliotandikwa shitingi, wenye lita 2,400 za maji na mama aliyefundishwa, una faida kwa mtoto huyo kuliko ziwa zima. Na hata mfereji huo unapaswa kusubiri zamu yake, nyuma ya fito mbili za mianzi zilizofungwa sambamba juu ya ardhi kavu.

Tuanze na watoto wenyewe, maana tuna mazoea ya kuwakusanya kwenye kapu moja kwa sababu tu wote hawatembei. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wa Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake huko Iganga na Mayuge, mashariki ya Uganda, uliochapishwa mwaka 2017, uliwapitia watoto zaidi ya 31,000 na kukuta mtindio wa ubongo kwa karibu watoto 3 katika kila 1,000. Robo hivi ya watoto hao walizaliwa wazima wakaumia baadaye, malaria iliyopanda kichwani ikiwa miongoni mwa sababu kuu. Uwanda wa Rusizi una mbu wa kutosha kumfanya msomaji wa Uvira azisome namba hizo kama za kwao. Milimani Kivu Kusini kuna pia konzo, ulemavu wa ghafla wa miguu yote miwili unaotokana na sianidi ya muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, hasa kwa mtu ambaye sahani yake haina maharage wala samaki. Giovanni Trolli aliueleza ugonjwa huo mwaka 1938 kutokana na aliyoyaona Kwango, magharibi ya Kongo. Mwaka 2011 ripoti kutoka Burhinyi ikaonyesha kwamba umeshajitokeza Kivu Kusini, katika mazingira ya vita na njaa. Polio nayo haijatuaga. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza watoto 7 waliopooza kwa virusi vilivyotokana na chanjo mpya ya matone: 6 wa mikoa ya Tanganyika na Kivu Kusini, 1 wa Burundi. Halafu kuna mtoto aliyechomwa sindano ya kwinini kwenye tako, ikagusa mshipa mkubwa wa fahamu, akatoka zahanati akiburuta mguu. Tangu artesuneti ishike nafasi ya kwinini katika malaria kali, kufuatia jaribio kubwa lililofanyika Afrika na kuchapishwa mwaka 2010, wa namna hiyo wanapaswa kupungua, lakini waliokwisha kuumia wanaendelea kukua.

Maji hayawatendei sawa. Mguu wa polio umelegea na kukonda. Misuli iliyobaki haina nguvu ya kuuinua nchi kavu, ila majini mguu uleule unanyanyuka, na msuli uliokuwa umekaa bure unapata kazi. Shida ya mtoto wa konzo ni magoti yanayopishana kama mkasi, na hofu ya kuanguka inayomkakamaza zaidi. Majini haanguki kwa ghafla, basi hofu inapungua na magoti yanaachana kidogo. Mtoto wa mtindio wa ubongo mwenye kukakamaa ana adui mwingine, ubaridi, ambao nitaurudia. Mwenye mguu kifundo hana shughuli majini kabisa. Dawa yake ni plasta za kila wiki kwa njia ya Ponseti, na plasta ikilowa imekwisha.

Sasa kina. Mtu akisimama majini, maji yanambebea sehemu ya uzito wake, na sehemu hiyo inategemea yamefika wapi mwilini. Harrison, Hillman na Bulstrode walipima jambo hili Uingereza, wakachapisha mwaka 1992. Maji yakifika nyongani, miguu inabeba karibu nusu ya uzito; yakifika chembe cha moyo, theluthi moja hivi; yakifika shingoni, chini ya sehemu moja ya kumi. Walipima watu wazima, kwa hiyo namba hizo tuzitumie kama dira tu. Lakini walionyesha pia jambo ambalo wengi hulisahau: mtu akianza kutembea, na hasa akitembea haraka, mzigo miguuni unapanda sana kuliko anaposimama. Mtoto anayehimizwa akimbie majini ameshatolewa kwenye kipimo alichowekewa.

Mchukue mtoto wa miaka mitano mwenye urefu wa sentimita 105 na uzito wa kilo 16. Kutoka nyonga hadi chembe cha moyo chake hazifiki sentimita 20. Ndani ya sentimita hizo, mzigo wa miguu yake unashuka kutoka kilo 8 hadi kilo 5 hivi. Kila sentimita 10 za maji ni kama kilo moja na nusu ya mwili, au zaidi kidogo. Kwa mtoto ambaye mapaja yake yana nguvu ya kubeba kilo 6 na si 8, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atapiga hatua au atakunja magoti na kuketi majini. Mtaalamu anayeandika kwenye kadi kwamba mtoto amefanya mazoezi ya majini dakika 20, bila kuandika maji yalifika wapi, ameandika jina la dawa na kuacha dozi.

Nenda sasa ufukweni na kipimo hicho mkononi. Upepo wa mchana ukianza, wimbi la sentimita 20 au 30 si kitu; wavuvi hawaligeuzii hata kichwa. Mtoto wetu, aliyewekwa kwenye maji ya kitovu, anajikuta mara ya mapaja, mara ya kifua, kila baada ya sekunde chache. Miguu yake haiwezi kujifunza mzigo ambao haukai. Chini ni mchanga unaoteleza pamoja na mguu, na mtelemko unaomfanya mguu mmoja uwe mfupi kuliko mwingine akitembea sambamba na ufuko.

Ufuko wenyewe umehama. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga penye Kalemie, na historia yake ni ya kupanda na kushuka. Miaka ya 1870 mlango huo ulikuwa umezibwa, ziwa likajaa, na lilipouvunja mwishoni mwa muongo huo likashuka kwa mita kadhaa. Kizazi chetu kimeona upande wa kupanda. Kuanzia 2020 hadi 2024 maji yalimeza nyumba, vyoo, mashamba na sehemu ya bandari ya Kalundu. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe nao ulifurika, ukaua watu kadhaa na kusomba maelfu ya nyumba, na vifusi vyake vikaishia ziwani. Hivyo penye maji ya kiuno leo huenda jana palikuwa sebule ya mtu: kuna kuta zilizolala, misumari, mabati, shimo la choo. Mtu mzima mwenye miguu yenye hisia atapapasa na kukwepa. Mtoto anayeburuta nyayo hawezi.

Wanyama na magonjwa siyaweki mbele, si kwa kuyadharau, bali kwa sababu kila mtu huanza nayo, kisha akiambiwa kwamba leo hakuna kiboko anadhani hoja imekwisha. Ila yapo. Viboko hupanda nchi kavu usiku kula majani hadi ndani ya mji, na mamba wako delta ya Rusizi na nje yake. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini jua linapopanda, vikatoboa ngozi kwa dakika chache. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani, yaani palepale ambapo mzazi angeona pametulia pa kumweka mtoto wake. Penye wimbi pana kichocho kidogo na kina kisichotulia. Penye utulivu kina kinatulia na konokono wapo. Ufuko haukupi vyote viwili.

Kabla ya kuuchimba mfereji, tuulize kama yote haya yanastahili jasho. Mazoezi ya majini yana historia yenye mvuto, na mvuto huo ndio unaonitia shaka. Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipooza miguu mwaka 1921. Mwaka 1924 alifika Warm Springs, jimbo la Georgia, penye chemchemi ya nyuzi 31 hivi, akasimama majini kwa miguu isiyoweza kumsimamisha kwingine. Mwaka 1926 alipanunua mahali hapo kwa sehemu kubwa ya mali yake, na mwaka uliofuata akapafanya taasisi ya tiba. Aliyapenda maji hayo mpaka akafia hapohapo, Aprili 1945. Nje ya maji hakutembea tena peke yake: alivaa vyuma miguuni, akashika fimbo mkono mmoja na mkono wa mtu upande wa pili. Miaka 20 ya maji vuguvugu, kwa mtu mwenye fedha na wasaidizi wa kila namna, haikugeuka kuwa hatua za nchi kavu.

James McMillan, mhandisi, alishika njia nyingine. Mwaka 1949 alianza kuwafundisha kuogelea wasichana wenye ulemavu wa shule ya Halliwick, London. Alikataa maboya. Kila mtoto alikuwa na mtu mzima wake majini, na mafunzo yalikwenda hatua kwa hatua: kwanza kuzoea maji na kupuliza pumzi, halafu kujigeuza na kurudisha mwili kwenye mizani, na kushikwa kukipungua kadiri mtoto anavyojimudu. Hapakuwa na mashine. Ndiyo maana ninaiona njia hiyo inafaa Kilibula zaidi kuliko kituo chochote chenye vigae vya buluu, kwa sababu gharama yake kubwa ni mikono, na mikono ipo.

Ushahidi wa kitabibu ni wa kiasi, tuuseme ulivyo. Mapitio ya Kelly na Darrah mwaka 2005 na ya Roostaei na wenzake mwaka 2017 yalikuta tafiti chache zenye watoto wachache. Huko Taiwan, mwaka 2015, watoto 24 wenye mtindio wa ubongo walilinganishwa. Walioongezewa mazoezi ya majini walipata nafuu zaidi ya mwendo na waliyafurahia zaidi, ila kukakamaa kwa misuli hakukubadilika. Wakati huohuo mapitio makubwa ya Iona Novak na wenzake, mwaka 2020, yanaweka mbele mambo ambayo hayahitaji tone la maji: mtoto aizoeze kazi ileile anayotaka kuiweza, aizoeze mara nyingi, aizoeze nyumbani. Anayetaka kutembea atembezwe. Nikiulizwa na kamati yenye fedha za kitu kimoja tu, nitajibu bila kusita: nunueni mianzi, misumari na kamba, fungeni fito sambamba uani, na fundi seremala awatengenezee watoto vigari vya kusukuma. Maji baadaye.

Lakini yupo mtoto ambaye fito hazimtoshi. Ukimsimamisha kati ya mianzi anashikilia kwa mikono, magoti yanakunjika, na baada ya hatua mbili analia. Kanuni ya kuizoeza kazi yenyewe inamshinda kwa sababu kazi yenyewe haiwezekani hata mara moja. Huyu ndiye mwenye haki ya maji. Majini hatua inawezekana, na ikiwezekana inaweza kurudiwa mara 50 kabla hajachoka. Kazi ya maji ni kumpa hatua za kurudia wakati nchi kavu bado inamnyima, kisha maji yajiondoe yenyewe taratibu: chembe cha moyo, kitovu, nyonga, mapaja, ardhi.

Basi mfereji. Urefu mita 4, upana mita 1, maji ya sentimita 60: hizo ni lita 2,400, yaani bidoni 120 za lita 20. Sentimita 60 ndicho kitovu cha mtoto wetu wa miaka mitano. Kwa kina cha chembe cha moyo unaongeza bidoni 25 hadi 30. Kuta ni matofali au mifuko ya mchanga, ndani shitingi mbili za rangi nyeusi, na mchanga uliosawazishwa chini ya shitingi ili nyayo zipate ulaini bila kuteleza. Ukutani, kwa rangi ya mafuta, michirizi kila sentimita 5 yenye namba. Michirizi hiyo ni ya lazima kuliko kuta. Kila mtoto ana mchirizi wake kwenye kadi, na kubadilisha kina ni kuteka au kumwaga bidoni, kazi ambayo kila mtoto wa Kilibula anaijua. Watoto wakipangwa kuanzia wa kina kirefu hadi wa kina kifupi, maji yanapungua tu kadiri saa zinavyokwenda, na hayo yanayotekwa yanakwenda kwenye bustani.

Maji hayo yatoke wapi? Hapa wafadhili wangependa bomba. Mimi napinga bomba. Uvira ni mji wa kipindupindu cha kudumu, na utafiti wa Aurélie Jeandron na wenzake uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia mitambo ya Regideso, shirika la maji, na wagonjwa wa kituo cha kipindupindu tangu 2009, ulionyesha kwamba siku bomba likikauka, wanaolazwa katika siku 12 zinazofuata wanaongezeka kwa asilimia 155 wakilinganishwa na baada ya siku ya maji ya kutosha. Karibu robo ya waliolazwa walihusishwa na ukosefu huo wa maji. Mradi wa mtoto kutembea ukinywa lita 2,400 za bomba kwenye kartye yenye foleni ya bidoni, jirani wana haki ya kununa, na kununa kwao kutaua mradi kabla ya konokono. Mfereji utumie maji ya ziwa, yatekwe asubuhi penye wimbi, mbali na majani, yachujwe kwa kitambaa, yalale siku mbili, kisha yatiwe klorini.

Siku mbili hizo ndizo zinazonipendeza kuliko yote. Vijidudu vya kichocho vikikosa mtu wa kuingia hufa ndani ya muda huo. Na siku mbili hizohizo zinafanya kazi ya pili, joto. Mabwawa ya tiba huwekwa nyuzi 33 hadi 35, wakati maji ya juu ya ziwa kwetu ni nyuzi 25 hadi 28. Maji hupokonya mwili joto mara 25 hivi kuliko hewa, na mtoto aliyekonda, aliyekakamaa, kwenye nyuzi 25 atatetemeka na misuli itakaza kuliko ilivyoingia. Kupasha lita 2,400 kwa nyuzi 8 kwa makaa kunakula kilo 11 au zaidi kila mara. Hakuna mama atakayekubali, wala asikubali. Jua la Uvira, likipiga mita 4 za mraba za maji yenye sakafu nyeusi, linaweza kuongeza nyuzi 3 hivi kwa siku nzuri, mfereji ukifunikwa jioni ili joto lisipotee. Siku ya tatu mchana una maji ya nyuzi 29 au 30. Si nyuzi za vitabuni, kwa hiyo mtoto akae dakika 15, si 45, atoke midomo haijageuka rangi, akaushwe na kuvikwa kofia kabla ya jambo lingine.

Kufunika nako kuna mauti ndani yake. Shitingi iliyotandazwa juu ya maji inaonekana kama sakafu. Mtoto wa jirani akikanyaga, inamkumbatia na kumzamisha. Kifuniko kiwe cha mbao, kizito, chenye kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Bila mbao na kufuli, mfereji usichimbwe. Mtoto mwenye kifafa asiingie bila mtu mzima wake wa kumshika muda wote, mwenye kidonda asubiri kipone, na aliyeharisha ndani ya wiki hiyo asifike hata ukutani. Kwa mji wa kipindupindu, kanuni hiyo ya mwisho haina msamaha hata kwa mtoto wa chefu wa kartye.

Mikono ya mama inafundishika kwa siku chache. Anaingia naye, wanatazamana uso kwa uso. Siku za kwanza mikono iko chini ya kwapa. Halafu inashuka mbavuni, halafu nyongani, mwisho mtoto anashika vidole viwili tu. Mama anarudi nyuma polepole. Maji yaliyo kati yao yanamfuata mama na kumvuta mtoto mbele, kwa hiyo hatua ya kwanza inakuja karibu bila kuombwa. Akirudi haraka mno mtoto anaelea, miguu inaacha sakafu, na zoezi limegeuka mchezo. Mchezo si dhambi, ila usiandikwe kwenye kadi. Kosa la kawaida ni huruma: mama anambeba mtoto juu kidogo bila kujua, na kina cha kitovu kinakuwa kina cha nyonga ambacho mikono ya mama ndiyo inayobeba tofauti. Dawa yake ni kumwambia mama akunje magoti mpaka mabega yake yalowe. Aliyechuchumaa hawezi kubeba. Mtaalamu wa fiziotherapia, kine kama tunavyomwita, asimame nje akitazama nyayo. Kisigino kinagusa? Magoti yanapishana? Akiingia majini yeye, mama atageuka mtazamaji, na siku kine atakapohamishwa hakuna atakayebaki.

Atahamishwa, au njia itafungwa. Kituo cha watu wenye ulemavu cha Heri Kwetu kiko Bukavu, zaidi ya kilomita 120 kwa barabara ya Kamanyola. Tangu Bukavu iingie mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, safari hiyo na mtoto mgongoni si ushauri wa kumpa mtu kwa wepesi, na Desemba mwaka huohuo vita vikaingia Uvira kwenyewe. Kuvuka Kavimvira hadi Bujumbura kunategemea mpaka umeamkaje. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu ni nzuri kuisoma, na viongozi wa mji wakumbushwe kila mara. Lakini mtoto wa miaka mitatu hana muda. Uchunguzi wa Rosenbaum na wenzake kwa watoto 657 wa Ontario, mwaka 2002, ulionyesha kwamba watoto wenye mtindio wa ubongo hufikia asilimia 90 ya uwezo wao wa mwendo kabla ya miaka mitano, na walioathirika zaidi mapema kuliko hapo. Zoezi ambalo mama anaweza kuliendesha mwenyewe, ua wa tatu kutoka kwake, ndilo litakalokuwepo miaka hiyo ikiwa bado wazi.

Kuna pingamizi moja zito. Watasema: unazungumzia mfereji, wakati watoto hawa tayari wako ziwani kila siku. Mama anafua, mtoto ameketi kwenye maji ya kina kifupi kando yake. Utamkataza? Simkatazi, na kumkataza ni upuuzi, kwani pengine ndiyo saa pekee ya siku mtoto huyo anapocheka na wenzake. Ninachokataa ni kuiita saa hiyo tiba na kuitolea kadi. Kwa ziwani yapo mashauri mafupi: aende asubuhi mapema kabla jua halijapanda, aketi penye mchanga na wimbi dogo, mbali na majani na mdomo wa mto, maji yasipite kifua akiwa ameketi, avae ndala zilizofungwa kwa kamba, mkono wa mtu mzima ufike bila kupiga hatua. Na apewe prazikwanteli zamu yake ikifika, kama watoto wengine wa ziwa.

Matokeo yapimwe nchi kavu tu. Siku ya kwanza, kabla hajalowa, mtoto anatembezwa kati ya fito: hatua ngapi kabla ya kukunja magoti, sekunde ngapi kwa mita 4, anafika chooni kwa msaada wa nani. Baada ya kila kipindi cha majini arudi kwenye fito papo hapo, misuli ikiwa bado na kumbukumbu. Dakika mbili za ardhi kwa kila dakika ya maji si nyingi. Kila wiki mbili ajaribiwe kwenye mchirizi wa chini yake. Asipoweza arudishwe juu bila kelele. Miezi mitatu ikipita na namba za nchi kavu hazijasogea, mtoto aondolewe kwenye orodha ya kutembea, na zamu yake apewe mwingine.

Kuondolewa huko ndiko kutakakotuletea ugomvi na wazazi, na ni heri ugomvi huo uje mapema. Mtoto ambaye kichwa chake bado hakikai hatatembea kwa sababu ya mfereji, na kine anayemwacha mama abebe bidoni kwa miezi sita bila kumwambia hivyo anamdanganya. Mtoto huyo anaweza kuingia majini kwa furaha, kwa kupumua vizuri, kwa kulegeza mwili, lakini kwa kadi nyingine na saa nyingine. Anachohitaji zaidi ni kiti kinachomkalisha wima wakati wa kula, chandarua, na kuhudumiwa mara moja homa ikipanda. Iganga na Mayuge watafiti walirudi baada ya miaka michache kuwatafuta watoto wale wa mtindio wa ubongo. Vifo vyao vilikuwa takriban mara 25 ya vifo vya wenzao wa umri uleule, kwa malaria, upungufu wa damu na maambukizi mengine. Kwa mtoto wa namna hiyo pale Kilibula, fedha za shitingi na klorini zina kazi nyingine ya kufanya kwanza.